Mwaka wa Kumsemea Aniello

Mutiso alinipigia simu wiki iliyopita kuniambia kwamba Bi Zuhura amefariki huko Unguja na ameshazikwa. Hakunipa nafasi ya kuuliza ugonjwa. Alisema tu kwamba mama wa watu alikutwa amekaa kitini, miwani imo machoni. Mimi na Mutiso hatuonani. Yeye yuko Machakos anafuga kuku, mimi niko Tanga. Lakini kila tunapozungumza, mwanzo wa simu huwa ni ule ule: nikisema haloo, yeye hukawia kidogo kujibu. Miaka mingi imepita na bado sikio lake linangoja sauti nyingine. Safari hii alipokawia, uso uliniwaka kama mtoto aliyefumaniwa akidokoa jikoni, mimi mwenye mvi. Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili: haya, soni, aibu, fedheha, izara. Bi Zuhura alikuwa akisema haya hutoka ndani ya mtu, nayo ni pambo lake, bali fedheha huletwa na watu wakaja kuimwaga mlangoni pako. Mwaka ule niliofanya naye kazi Doha niliyaonja maneno hayo yote, na nikiyasimulia sasa ni kwa kuwa mwenyewe hayupo tena wa kunikatiza na kunisahihisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Sisemi kwamba ilikuwa laini au nyororo kama ya baadhi ya wanaume. Wenzangu walipofika umri wao wakaanza kunguruma, yangu ilibaki pale pale ilipokuwa nikiwa darasa la tano, nyembamba, safi, ya juu. Kidevu changu kilikuwa kama kiganja. Mikono na miguu ilikuwa imerefuka kupita kiasi, kana kwamba mwili ulisahau kuambiwa uache kukua. Tulikaa mtaa wa Muaither, katika vila ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, wanaume wanane chumba kimoja, vitanda vya chuma vya ghorofa, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo ya rangi. Sote tulikuwa walinzi wa kampuni moja. Kitanda cha chini yangu alilala Wafula, Mbukusu wa Bungoma, kifua kama pipa, aliyeimba besi katika kwaya ya kanisa lao kila Ijumaa, kwa kuwa kule hata Wakristo husali Ijumaa. Wafula akisema neno la kawaida tu, kama kuomba chumvi, vijiko vililia ndani ya bakuli. Na mimi juu yake nililala na siri yangu kooni.

Nilikuwa nimejifunza kuibana. Nilikaza shingo, nikashusha kidevu, nikaisukuma pumzi itoke ikikwaruza, na kilichotoka kilikuwa kama sauti ya mzee aliyevuta tumbaku maisha yake yote. Nikisema sentensi tatu mfululizo, koo liliniuma mpaka masikioni. Niliwaambia wenzangu nina mafindofindo ya tangu utotoni, wakaamini, na kwa kuwa mtu mwenye mafindofindo hasumbuliwi kwa maswali, nikapata sifa ya ukimya. Nilioga wa mwisho. Nilinunua wembe na povu, na kila Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya kioo kilichopasuka nikinyoa ndevu nisizokuwa nazo, mlango wazi, ili wanione. Wafula akisonga ugali kwa unga wa kwao, mwingine akikaanga kuku kwa vitunguu vingi, wote wakisema harufu imewaua, mimi nilisema nao hivyo hivyo, ingawa sikuwahi maishani mwangu kusikia harufu ya kitu chochote. Hilo nalo nililificha. Mtu akishaanza kuficha, hufanya kama anayefunga mizigo, haachi hata kijiko.

Lindo langu lilikuwa Al Rayyan, kwenye jengo la ghorofa mbili lililokuwa na studio ya kutia sauti. Walikuwa wakipokea filamu za makala, za wanyama, za vita, za historia, wakaziondoa sauti za Kizungu na kutia za lugha nyingine. Upande wa Kiswahili walikuwa watu wawili tu wa kudumu. Mmoja ni Bi Zuhura, Mzanzibari, mwanamke wa makamo, mfupi, buibui lake jeusi likinyooka siku zote kama limetoka kupigwa pasi, na masikio makali kwa lugha. Mwingine ni Mutiso, Mkamba mcheshi, aliyekuwa fundi sauti na mfasiri pia. Mchana walikunywa chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, katika jiko dogo kando ya mapokezi, mlango wazi, na kiti changu kilikuwa nje ya mlango huo. Nilipenda kukaa pale. Sijapata tena kusikia watu wakigombania neno moja nusu saa nzima kama wanagombania shamba.

Siku moja niliwakuta wamekwama kwenye neno la Kiitalia. Mutiso alikuwa akisema wakiandika maksai, msikilizaji wa Kitui na wa Mwanza wote wataelewa mara moja. Bi Zuhura akamwambia maksai ni ng'ombe aliyehasiwa wa kulimia. Mutiso akauliza, towashi je? Akajibiwa kwamba towashi alikuwa mtumishi wa majumba ya wafalme, hakuhasiwa ili aimbe. Mutiso akacheka, akasema mtu mzima hana ndevu, mikono mirefu, akifungua mdomo anatoka binti, huyo ni maksai, hakuna jina lingine. Na Bi Zuhura naye, Mungu amrehemu, akacheka. Nilikuwa nimeshika kikombe. Sikujua lolote kuhusu Italia wala filamu. Nilijua tu kwamba watu wawili niliowaheshimu walikuwa wakinitafutia jina. Nilikiweka kikombe chini polepole nisisikike, nikaenda kusimama juani langoni, na nilisimama huko hadi zamu ikaisha.

Kuanzia siku hiyo niliomba kukaa kwenye kibanda cha lango la magari badala ya mapokezi. Kibanda kilikuwa na vioo vilivyobandikwa karatasi nyeusi ya kuzuia jua, na mlango uliofungika. Humo ndimo nilimopigia simu Mwanaidi, mchumba wangu, kwa kadi za simu za kukwangua. Simu yenyewe ilikuwa ya kaka yake, Rajabu, ambaye kila akipokea aliita kwa kelele ili mtaa mzima usikie, "Mwanaidi, shoga yako wa Uarabuni." Kwa Mwanaidi sikuwa na sauti ya kubana. Tulijuana tukiwa wadogo, na hakuwahi kunisikia na nyingine. Kwa hiyo alasiri, barabara ikiwa tupu kwa joto, nilifunga mlango, nikalegeza shingo, na nikaongea na kucheka kama nilivyoumbwa.

Bi Zuhura alipita kwenda kwenye gari lake, akasikia mwanamke anacheka kibandani.

Alifanya alichodhani ni wajibu. Hakupayuka, alimnong'oneza mkuu wa ofisi, mkuu akapiga simu kwenye kampuni yetu, na siku ya pili supavaiza alikuja, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni. Tuliketi katika chumba cha mikutano: mkuu wa ofisi, supavaiza, Bi Zuhura kama shahidi, na Mutiso wa kutafsiri, ingawa Kiingereza changu kilitosha. Kumwingiza mwanamke lindoni katika nchi ile hakukuwa kosa la kukatwa posho. Kulikuwa kufukuzwa, tiketi, na pengine polisi kabla ya tiketi. Supavaiza aliniuliza mwanamke yule ni nani na anafanya kazi nyumba gani. Nikasema kwa sauti ya kubana kwamba hakuna mwanamke. Akaniuliza tena. Nikasema tena, na neno likakatika katikati, jambo lililowafanya waone kwamba nadanganya. Mwisho akasema khalas, imekwisha, nivue beji niiweke mezani. Nilikwishaishika beji kifuani. Ndipo nikailegeza shingo.

"Ni mimi," nikasema. "Hiyo ni sauti yangu."

Mutiso, kwa mazoea, alianza kutafsiri, akaishia njiani. Supavaiza aliniambia niseme tena. Nikasema tena. Kisha akachukua redio yake, akanipa, akaniamuru niwasalimu walinzi wote waliokuwa zamu siku ile, kwa jina langu na namba yangu, ili apate ushahidi, na wakati nasema alikuwa ameuma midomo, mabega yanamtetema. Upande wa pili wa redio mtu aliuliza madam huyo ameajiriwa lini. Nilimtazama Bi Zuhura mara moja tu. Alikuwa anatazama meza, na vidole vyake vilikuwa vimeshika ncha ya mtandio kama anayeshika ukingo wa kisima.

Habari ilifika Muaither kabla ya basi letu. Nilipoingia chumbani mtu mmoja alisimama na kunipisha kwa adabu ya uongo, akasema karibu madam, na chumba kizima kikapasuka. Wafula hakucheka. Aliwaacha wacheke wachoke, kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kisimani aliyojaribu kuipunguza, kama kule kujibana kulikuwa kunaniuma. Nilimwambia kunauma sana. Akaniuliza mimi ni mgonjwa au nimeumbwa hivyo. Nikamwambia sijui, na kwamba naogopa kujua. Akafikiri, akasema shingo ya mtu si kamba ya kufungia mbuzi, niende hospitali, na kama naogopa kwenda peke yangu atabadilishana zamu anisindikize. Ulikuwa wema mkubwa, na mimi nilimchukia kwa ajili yake, kwa kuwa alikuwa na kila kitu nilichokosa na bado akapata nafasi ya kunihurumia.

Siku ya tatu Bi Zuhura alikuja kibandani na mkate wa kumimina uliofunikwa kwa karatasi ya fedha, bado wa moto. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, juani, akakataa kuingia kivulini. Aliongea akitazama barabara. "Mwanangu, mimi nimekuvunjia sitara. Nimekuvua nguo mbele za watu, na nguo niliyokuvua sina mfano wake wa kukurudishia." Nilimwambia yameisha. Akasema hayajaisha, ila nimruhusu akae. Alikaa kitambo, jasho likimtiririka, kisha akaondoka. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Aliniuliza habari za Tanga, nikamjibu kwa sauti ya kubana, naye hakuniambia niache.

Ilipita miezi kabla hajaniomba nisome maneno ya filamu yao moja kwa sauti yangu ya kweli. Nilimkatalia kabla hajamaliza. Nilimwambia mimi si maksai. Alishika mdomo. Ilimchukua muda kuelewa kwamba siku ile ya chai nilikuwa nje ya mlango, na alipoelewa, alinichukua kwa mkono wa shati, kama mama anavyomchukua mtoto, akanipeleka ndani, akanikalisha mbele ya skrini, akamwambia Mutiso aiwashe filamu na asiseme neno.

Hivyo ndivyo nilivyowajua watu wa lile neno la Kiitalia. Italia, miaka mia tatu nyuma. Watoto wa kiume wenye sauti nzuri, wengi wa nyumba za kimaskini, walihasiwa kabla hawajabalehe ili sauti isishuke. Kanisa lilikataza na wakati huo huo likawaimbisha. Hakuna mzazi aliyekubali kwamba ndiye aliyeamuru. Kila mtoto aliangushwa na farasi, au aling'atwa na nguruwe. Walipelekwa shule za muziki Napoli, wakafundishwa kupumua miaka na miaka, na wachache waliofaulu walipanda jukwaani katika opera, ile michezo ambayo watu huimbiana badala ya kuzungumza. Nilitazamia kuona vikaragosi vya kuchekwa. Badala yake nilimwona mtu amevaa taji la manyoya, upanga kiunoni, akiimba kama jemadari, na sauti yake ilikuwa juu kuliko yangu. Bi Zuhura akanieleza kwamba wakati ule huko kwao ndivyo mfalme alivyosikika. Mashujaa, watekaji wa miji, wapenzi wa malkia, wote walipewa sauti hiyo. Sauti nzito waliachiwa wazee na watumishi. Nilimwuliza kama ananitania. Akaniapia. Nilimfikiria Wafula na besi yake akibeba sinia, na nikacheka kwa sauti yangu ndani ya jengo lile kwa mara ya kwanza.

Filamu ilimfuata mmoja wao aliyeitwa Aniello, mtoto wa kijijini, aliyeimba mbele ya wafalme na akaacha kumbukumbu alizozisimulia uzeeni. Bi Zuhura alikuwa amewajaribu wanaume watatu kusoma kumbukumbu zile, wote walikuwa wakiigiza, wanabana pua. Akawajaribu wanawake wawili, wakasikika wanawake. Nilikubali. Ningependa kusema nilikubali kwa ushujaa, lakini nilikubali kwa sharti kwamba asijue mtu, jina langu lisiandikwe popote, na nifike wakati ambapo ofisi imekwenda kusali.

Kile chumba cha kurekodia nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala. Kuta zilikuwa za sifongo nyeusi, kulikuwa na kiti kimoja, taa moja ya manjano, na ukishavaa hedifoni unasikia hata mate yako. Mutiso alikuwa ng'ambo ya kioo. Bi Zuhura alikaa kando yangu chini, kwenye mto, akifuatisha maandishi kwa kidole, na nikikosea irabu alinigonga goti. Nilisoma Ijumaa moja hadi nyingine. Shingo ililegea. Maumivu ya koo yaliondoka kama mgeni asiyeaga. Nilimsemea Aniello akiwa mtoto anayefungwa macho ili asione meza ya kuhasiwa, nikamsemea akiwa kijana, akijiona katika kioo cha chumba cha mavazi, na siku hiyo Mutiso alibonyeza kitufe akaniambia, bila utani wowote, kwamba nywele za mkono wake zimesimama. Nilikwenda Muaither nimelibeba neno hilo kama chakula cha moto. Chumbani, nilipoulizwa nilikokuwa, niliibana shingo na kusema lindo. Walikuwa wanajua sauti yangu, wote, na bado niliibana. Hiyo ndiyo aibu ilivyo. Siri ikishatoka, mwili huendelea kuilinda.

Kisha tukafika mahali ambapo Aniello anapenda. Ni binti wa mfanyabiashara, na binti naye anamtaka. Anaomba ruhusa ya kanisa amwoe, anaeleza kwamba ana nyumba, ana heshima, ana moyo. Wanamjibu kwamba mtu kama yeye haozeshwi. Nilisoma hadi pale, "Nikawauliza, basi mimi ni mtu wa namna gani?" na sauti ikagoma. Tulirudia. Ikagoma tena. Bi Zuhura hakunigonga goti. Aliniuliza taratibu kama nina mtu nyumbani. Nikamwambia yupo, ananingoja, na sijamwambia chochote kuhusu mwili wangu, maana chochote chenyewe sikijui. Tulizima taa siku hiyo bila kumaliza ukurasa. Kesho yake nilimwambia Wafula nipo tayari kwenda hospitali.

Daktari alikuwa Msudani, mtu wa polepole, aliyefunga pazia vizuri kabla ya kunigusa. Aliuliza maswali niliyoyatazamia, halafu akauliza moja ambalo sikulitazamia: kama nasikia harufu. Nilipomwambia sijawahi, alitikisa kichwa kama mtu aliyekuta ufunguo. Nilirudi tena kwa vipimo vya damu, na mara ya tatu alinichorea kichwa cha mtu kwenye karatasi, na nukta ndogo chini ya ubongo. Akasema hiyo ndiyo inayotoa amri mtoto awe mwanamume, na kwangu amri haikutolewa, na kutosikia harufu kunatokana na hitilafu hiyo hiyo. Nilimwuliza, maana nilikuwa na filamu kichwani, kama kuna mtu alinifanya kitu nilipokuwa mdogo. Akasema, "Hukufanywa kitu. Mwili wako umekaa unasubiri tu." Ipo dawa, sindano. Ndevu zitaota, mifupa itapata nguvu, ndoa itawezekana. Watoto ni majaliwa. Na sauti itashuka, na ikishashuka haipandi. Angeweza kunianzishia wiki ile ile. Wafula, aliyekuwa ameketi nje, aliposikia alinikumbatia kwenye korido hadi muuguzi akatutazama.

Zilikuwa zimebaki sura za uzeeni, zilizo bora kuliko zote. Nilikwenda kuwaambia Bi Zuhura na Mutiso nikiwa na furaha, wakiwa kwenye chai yao. Mutiso alinipa mkono. Bi Zuhura alimshukuru Mungu, akafuta machozi, kisha akaweka kikombe chini na kuuliza kama sindano inaweza kungoja. Muda kidogo tu, alisema, mpaka Aniello azeeke. Sauti kama ile hataipata tena, si Doha wala Unguja, na kazi ikiharibika katikati itakuwa dhambi. Aliongea vizuri, kwa haraka, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Mutiso alimwacha afike mwisho.

"Mama," akamwambia, "hebu jisikie."

Nimewahi kuona watu wakipokea habari za misiba, lakini sijaona uso ukibadilika vile. Alijifunika kwa mtandio, mikono yote miwili, na kutoka ndani ya nguo ile nyeusi nilisikia akisema astaghfirullah, mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Kisha akasema nisimsikilize, nianze kesho, filamu na ife. Na hapa ndipo uso wangu unapowaka hata leo nikiwa peke yangu. Maana nilimwambia nitangoja. Akakataa, nikang'ang'ania. Walidhani nafanya hivyo kwa ajili yake, na nikawaacha wadhani. Ukweli ni kwamba sikuwahi kusifiwa kwa kitu chochote maishani, na nilitaka Ijumaa chache zaidi ndani ya chumba kile. Niliitamani sauti hiyo hiyo ambayo nilikuwa nikiombea usiku na mchana iondoke. Nilikuwa naonea haya mambo mawili kwa pamoja, la kuwa nayo na la kuipenda, na sikuwa na mtu wa kumweleza.

Tulimaliza. Aniello alirudi kijijini kwao mzee, tajiri, mnene, na sokoni watoto walimfuata wakiiga anavyoagiza samaki. Nilisoma hayo bila kukwama. Wiki iliyofuata nilichomwa sindano ya kwanza. Haikuchukua muda mrefu ngozi ya uso ikaanza kuwasha, na sauti ikaanza kuteleza, mara juu, mara chini, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Muaither wakafurahi kuliko mimi. Wafula alinifundisha kunyoa kwa kweli. Waliokuwa wakiniita madam walinunua kuku na soda, wakasema leo tunamkaribisha mwanamume, na nilikula nao, na nilicheka, na kicheko kilitoka kizito, sikukitambua, nikageuka kuangalia ni nani. Ama filamu, haikuonyeshwa. Wenye studio walifunga upande wa Kiswahili kabla mwaka haujaisha. Kanda zilibaki kwao. Bi Zuhura akarejea Unguja, Mutiso akaenda zake. Sikuwahi kuisikia hata mara moja kama mtazamaji angeisikia.

Mwanaidi sikuwa nimempigia muda wote huo wa kuteleza. Nilikuwa nimetuma salamu kwa watu kwamba simu imeharibika. Nilitaka ikae sawa kwanza, nimpelekee kitu kizima, kama mtu anavyopeleka kitenge kilichokwisha shonwa. Ilipotulia, nilinunua kadi, nikajifungia kibandani alasiri, nikapiga. Rajabu akapokea. Nilipojitaja, akanitajisha tena, halafu, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akaniita shemeji. Akaniuliza afya, akaniuliza kazi. Nilisimama humo kibandani nimevimba kama kiongozi wa mkoa. Kisha akamwita dada yake, bila kelele.

Nilimsalimu. Akanijibu vizuri, kwa ile adabu ya kumjibu mtu asiyemjua, na akasema, "Samahani kaka, mpe mwenyewe simu."

Nilimwambia ndiye mimi. Hakuamini. Nilimtajia jina la mwalimu wetu, nikamtajia kisima cha shule, kisha nikamweleza yote kwa mfululizo, daktari, nukta chini ya ubongo, sindano, ndevu. Nilimweleza kwamba sasa tunaweza kuoana bila mtu kutucheka. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama ile nyingine itarudi. Nikamwambia hairudi.

"Mbona hukuniambia kwanza?"

"Nilikuwa naona aibu."

"Aibu ya nani, Shabani? Mimi ndiye niliyekuwa naisikiliza."

Tulioana mwaka uliofuata, na tumekaa vizuri. Mtoto wa kumzaa hatukujaliwa. Tumewalea wawili wa Rajabu, ambaye siku hizi huniheshimu kupita ninavyostahili. Lakini nakumbuka miezi ya mwanzo, katika nyumba yetu ya vyumba viwili. Nikimwita Mwanaidi kutoka chumba cha pili, kabla hajaitika nilisikia kwanza kanga ikivutwa upesi, akijifunika kichwa na mabega, kama mwanamke aliyesikia mwanamume mgeni ndani ya nyumba yake. Halafu ndipo alipokumbuka, akaitika. Hakujua kama namsikia, nami sikumwambia. Nilizoea tu kuinuka na kumfuata alipo, nisimwite.